Mashine ya kukausha hewa ikigoma, usikimbilie kujaza gesi

Na Mwandishi Wetu

MASIKA yanapoingia katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, nguo huota ukungu kabatini na kuta hutoa harufu ya uvundo. Baadhi ya familia hununua mashine za kukausha unyevu hewani ili kuondokana na adha hiyo, lakini si ajabu kuikuta mashine imetupwa stoo, ikidhaniwa imekufa.

Mashine hiyo hufanya kazi kama jokofu. Feni huvuta hewa ya chumbani na kuipitisha kwenye mabomba ya baridi, mvuke hugeuka matone na kudondokea kwenye ndoo, kisha hewa iliyokauka hurudishwa chumbani ikiwa na joto kidogo. Madirisha hayana budi kufungwa, vinginevyo mtu atakuwa anajaribu kukausha Bahari ya Hindi.

Adui wake mkubwa ni vumbi. Chujio likiziba, hewa haipiti ya kutosha, na mabomba hupoa kupita kiasi hadi kufunikwa na barafu. Inapotumika kila siku, chujio lioshwe kila baada ya wiki 2 hivi kwa maji ya vuguvugu na likauke kabisa kabla ya kurudishwa.

Barafu hutokea pia chumba kikiwa na ubaridi, chini ya takriban nyuzi 18 za Selsiasi. Katika miji yetu ya pwani hali hiyo ni nadra, labda kwa anayewasha na kiyoyozi. Hivyo, barafu ikionekana ilhali chujio ni safi, ishukiwe feni au upungufu wa gesi.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa na haiishi kwa matumizi. Ikipungua, ipo sehemu inayovuja. Fundi anayejaza gesi bila kuitafuta na kuiziba sehemu hiyo anauza nafuu ya muda tu. Aulizwe gharama mapema, kwani kwa mashine ndogo matengenezo hayo yanaweza kukaribia bei ya mpya.

Mashine ikikataa kuwaka, ikaguliwe ndoo kwanza: huenda imejaa, haikukaa sawasawa, au boya lake limekwama kwa utelezi. Ikinguruma bila kuanza, kapasita inaweza kuwa mbovu. Hiyo aachiwe fundi, maana huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Aidha, plagi ichomekwe moja kwa moja ukutani, na mashine izimwe mara moja ikitoa harufu ya kuungua. Hofu hiyo si ya bure: mwaka 2013 kampuni ya Gree ilitangaza nchini Marekani kurejeshwa kwa mashine zaidi ya milioni 2 za aina hii, zilizouzwa kwa majina mbalimbali, kwa sababu ya hatari ya moto.

Maji ya ndooni yanafaa kumwagilia maua. Yasinywewe, hata yakichemshwa.