Ordinatere ya bei chini: pima mbele ya kulipa

Huku kwetu Kolwezi, hakuna mukreseri anauzisha mufuko wa madini kwa macho tu. Kwa depo wanaweka metorex, wanasoma tenere, kiisha ndio wanazungumuza bei. Lakini tukienda kununua ordinatere ya okaziyo, tunaona ekra inawaka, tunatoa feza.

Jirani yetu mumoja alifanya vile. Franga alizopata kwa shimo miezi mitatu, akanunulia watoto ordinatere ya meza. Muuzaji alikuwa ametia Linux Mint ndani, na hapo hakukosa. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha musaada wa kawaida wa Windows 10, na mashini nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ni ya bure na inaenda muzuri hata kwa mashini nyingi zilizozeeka.

Shida ilianza nyumbani. Mashini haikuwa na waifai. Jirani akanunua kile kipande kidogo cha waifai cha kuchomeka kwa USB. Akachomeka: hakuna kitu. Mama akamuuliza: "Baba ya batoto, feza yetu imekufa?" Wakatuletea mashini.

Kumbe kipande kilikuwa kizima. Kilikosa piloti, ni kusema programu inayoonyesha sisteme namna ya kukitumikisha. Watengenezaji wengi wanatayarisha piloti ya Windows tu. Tena, vipande viwili vyenye jina moja kwa karto vinaweza kuwa na chipu mbalimbali ndani: moja Linux inaijua, ingine hapana. Ni kama majiwe mawili ya rangi moja, tenere mbalimbali.

Piloti iko kwa intaneti, na intaneti ndiyo tuliikosa! Tukachomeka telefone ya Android kwa kamba ya USB, tukaifungua igawanye koneksio yake. Mashini ikaikubali palepale. Kwa amri lsusb tukasoma namba ya chipu, tukapakua piloti yake, waifai ikaamuka. Lakini tulimuonya jirani: sisteme ikipata kerneli mupya, piloti iliyowekwa kwa mukono inaweza kukatika, na itaomba kuwekwa tena.

Basi wandugu, mbele ya kulipa mufanye hivi. Mutie Linux Mint ao Ubuntu kwa kle ya USB, muwashe mashini kwa kle ile na kuchagua kujaribu bila kuweka. Kilicho ndani ya mashini hakiguswi. Mujaribu waifai, sauti, ekra, na imprimanti kama munayo. Muilaze, muiamushe. Kama waifai ni ya kuchomeka, mujaribu kipande kilekile munachopewa, hapana ndugu yake.

Muuzaji akikataa mupime, mumuachie mali yake. Kupima kunakula nusu saa. Jirani yetu alikuwa karibu kupoteza miezi mitatu ya shimo.