Toba na Kipimo: Je, Kupima Maradhi ya Zinaa ni Kujifichua?

Swali hili huwafikia maimamu kwa sauti ya chini, aghlabu baada ya watu kutawanyika msikitini. Mtu ameteleza akiwa safarini, amejuta na kutubia, na sasa anarudi kwa mkewe. Anaogopa kwenda hospitali kwa kuwa amesikia kwamba Muislamu hatakiwi kutangaza dhambi ambayo Allah amemsitiri.

Asili anayoishika ni sahihi. Maaiz bin Malik al-Aslami (r.a.) alipomjia Mtume (s.a.w.) kukiri zinaa, Mtume alimgeuzia uso mara baada ya mara. Na Hazzaal, aliyemshauri Maaiz aende kukiri, aliambiwa kuwa lau angelimsitiri kwa nguo yake ingelikuwa kheri kwake. Lakini kinachositiriwa ni dhambi. Maradhi hayakupewa sitara hiyo ili yapite kwa mwengine. Kumueleza daktari siku na namna ya tukio ni haja ya tiba, kwani ndiko kunakomjulisha apime nini na lini. Majina na visa havihitaji.

Wengi huharibikiwa katika wakati. Ziko dawa za kuzuia VVU zisishike mwilini, nazo huanzwa ndani ya saa 72, na kila zikiwahi ni bora zaidi, kisha humezwa siku 28. Anayekaa wiki nzima akilia mlango huu umeshafungwa. Vipimo navyo vina muda wake. Kisonono na klamidia kwa kawaida huonekana ndani ya wiki mbili hivi, lakini kaswende, na VVU kwa kipimo cha haraka, huweza kuchukua hadi miezi 3. Basi majibu mazuri ya siku ya tatu hayasemi kitu juu ya usiku ule, sharti arudie.

Wala asijitulize kwa kutoona usaha au kidonda. Kisonono na klamidia hukaa kimya, khasa kwa wanawake. Kidonda cha kaswende aghlabu hakiumi, na hupona chenyewe hali ugonjwa umebaki mwilini. Ukimfikia mja mzito asiyetibiwa, huweza kumuua mtoto tumboni. Sindano ya penisilini ingeliuponya.

Haki ya mke ndiyo nzito zaidi, kwani dhambi ni baina ya mja na Mola wake, ama mwili wa mke ni haki ya mja. Mpaka majibu ya mwisho, mume ajizuie au atumie kondomu, na akiulizwa aseme yuko katika matibabu, maneno ambayo si uongo. Akikutwa na ugonjwa, ni wajibu amwambie ugonjwa huo ili naye apimwe. Mafaqihi wa Kishafii tangu zamani walimpa mke khiyari ya kuvunja ndoa kwa ukoma wa mume, sembuse maradhi yanayopita kwa tendo lenyewe la ndoa! Na Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Abu Dhabi mwaka 1995, lilihukumu kuwa kumwambukiza mwengine ukimwi kwa makusudi ni haramu na ni katika madhambi makubwa.

Nasi tunawanasihi maimamu wenzetu: muulizaji akija, msimchimbe. Muulizeni jambo moja tu, ni siku ngapi zimepita. Zikiwa hazijatimia tatu, mpelekeni hospitali kwanza; darsa ya toba itamngoja.