Skrini ikigoma kuamka, usikimbilie kuzima kompyuta

Mzazi wa Itiryo, kijana anajaza fomu ya Bodi ya Mikopo kwenye kompyuta yenye skrini ya pembeni. Mnakwenda kula, mkirudi, skrini ni nyeusi. Usizime kompyuta: kazi ambayo haijahifadhiwa itapotea.

Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika, kompyuta iko macho. Tatizo huenda ni skrini au kebo. Isipoitika, gusa kitufe cha kuwashia mara moja, usikishikilie.

Chomoa waya wa umeme wa skrini, subiri dakika moja, urudishe. Kaza kebo ya HDMI pande zote mbili. Bado? Kwenye Windows, bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B.

Picha ikirudi, hifadhi kazi kwanza.