Yai la Kuchemsha: Dakika Ngapi Baraka, Dakika Ngapi Milimani?

Watu wakitaka kumdharau mpishi husema kwamba hajui hata kuchemsha yai. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba kazi hiyo haina elimu yoyote: maji, moto, yai, basi. Lakini tumfikirie binti wa Baraka, aliyekulia ufukoni mwa ziwa, naye ameolewa katika kijiji cha nyanda za juu, upande wa Itombwe. Asubuhi moja achemsha yai kwa dakika zilezile alizozizoea kwa mama yake. Alimenyapo, aona kiini bado ni majimaji. Atawalaumu kuku, atalaumu kuni, labda atailaumu na sufuria ya mama mkwe. Wote hao hawana hatia. Kilichobadilika ni joto la maji yenyewe.

Wanafunzi wetu wamefundishwa shuleni kwamba maji huchemka yakifika digrii 100. Neno hilo ni kweli pwani, kwenye usawa wa bahari. Kadiri tupandavyo, hewa huwa nyepesi, haiyakandamizi maji kwa nguvu, nayo huchemka mapema kabla ya kufika joto hilo. Kwa kila mita 300 za kupanda, hupungua digrii moja hivi. Baraka iko kando ya Ziwa Tanganyika, penye ghuba ya Burton, na uso wa ziwa hilo u juu ya bahari kwa mita 770 hivi. Basi sufuria ya Baraka huchemka kwenye digrii 97 na nusu. Ukipanda hata Fizi umepita mita 1,000, nayo digrii zimekaribia 96. Ukifika katika malisho ya nyanda za juu, penye mita 2,500, maji yatachemka kwenye digrii 91 au 92 tu.

Wala usidhani kwamba kuongeza kuni kutaleta msaada. Maji yakisha kuchemka hayazidi joto hata ukiweka gogo zima mafigani. Yatarukaruka na kupasua mayai, na kuni zimekwisha bure. Hili lafaa kukumbukwa na kila nyumba inunuayo makaa.

Sasa yai lenyewe. Ute huanza kuganda kwenye digrii 62 hivi, na kiini kwenye digrii 65 hata 70. Kwa hiyo maji ya milimani yana joto la kutosha kabisa, ila joto hilo laingia polepole zaidi. Dawa yake ni muda. Yai la kuku wetu wa kienyeji ni dogo, lina uzito wa gramu 40 hivi. Huko Baraka, likitiwa katika maji yanayochemka, dakika 4 zatosha kwa kiini laini, na dakika 9 kwa kiini kilichokauka. Fizi ongeza nusu dakika au dakika moja. Nyanda za juu usiliepue yai gumu kabla ya dakika 12. Yai la kuku wa kizungu, lenye gramu 60, lataka dakika mbili au tatu zaidi kila mahali, na la bata zaidi ya hapo.

Saa ya kupimia si taabu siku hizi, maana simu nyingi zinayo. Zamani huko Ulaya wapishi wasiokuwa na saa walihesabu muda kwa sala, na njia hiyo haijaharibika: fungu moja la Rozari, likisaliwa bila haraka, huchukua kama dakika tatu au nne. Mafungu matatu, na yai gumu la Baraka liko tayari. Lakini msali wa mbio atakula yai bichi.

Usilitupe yai majini. Lishushe kwa upawa au kijiko kikubwa. Katika upande wake butu mna hewa, nayo hewa hiyo hutanuka upesi na kulipasua ganda. Tia chumvi kidogo katika maji, ili ute ukivuja ugande papo hapo. Tena, mwenye makaa machache aweza kufanya hivi: aweke mayai katika maji mengi ya baridi, ayachemshe, kisha aepue sufuria, aifunike vizuri, aizungushie kitambaa kizito, na aache robo saa. Mayai yataiva bila moto. Njia hii ni nzuri ufukoni. Milimani, penye baridi na maji yasiyo na joto kamili, siisifu.

Basi yai limeiva. Hapa ndipo hatari ilipo, wala haimo motoni. Watu wengi hulitoa yai na kulitumbukiza katika ndoo ya maji ya baridi, ili lipoe na kumenyeka upesi. Ni desturi nzuri, lakini swali ni hili: maji hayo yametoka wapi? Ganda la yai si ukuta. Lina vitundu vidogo kwa maelfu. Yai la moto likikutana na maji ya baridi, vitu vya ndani hujikunja, na yai huvuta maji ya nje kupitia vitundu hivyo, na zaidi kupitia ufa ukiwapo. Mwambao huu wa ziwa, toka Uvira kupita Fizi hata Kalemie, wajulikana na waganga kuwa mahali ambapo kipindupindu hurudi mwaka baada ya mwaka. Ni kazi ya bure kukiua kila kijidudu kwa dakika 9 za moto, kisha kuvikaribisha vingine kwa maji ya ziwani yasiyochemshwa. Poza mayai kwa maji yaliyochemshwa jana yakalala mtungini, au yaliyotiwa dawa ya klorini. Kama hakuna, yaache yapoe yenyewe kapuni chini ya kitambaa safi.

Vivyo hivyo sokoni. Vijana huuza mayai ya kuchemsha pamoja na chumvi na pilipili, na chakula hicho ni bora kuliko vingi vinavyouzwa njiani, mradi ganda lake likae mpaka mwisho. Nunua yai zima, lisilo na ufa, unawe mikono kwa sabuni, ulimenye mwenyewe. Lililomenywa na kulala katika sahani pamoja na nzi, mwachie mwenyewe. Tena lile siku ileile, kwa maana yai lililochemshwa huharibika upesi kuliko bichi.

Mara nyingi utaona mviringo wa kijani kuzunguka kiini. Si sumu. Ni chuma cha kiini kilichokutana na kiberiti cha ute kwa sababu yai limekaa motoni mno. Na kama ute unanyofoka pamoja na ganda, yai lilikuwa jipya mno. Lililokaa wiki moja humenyeka vizuri zaidi.

Lakini kwa upishi wa pili, yaani yai linalovunjwa na kuivishwa bila ganda majini, ndilo jipya litakiwalo. Lijaribu katika bakuli la maji: jipya hulala chini, la siku nyingi husimama, na lielealo usilile. Chemsha maji, punguza moto hata yatulie, tia kijiko cha siki au maji ya limau. Vunja yai katika kikombe kwanza, kisha limimine taratibu karibu na uso wa maji. Dakika 4 zatosha Baraka. Ng'ambo wanauza vyombo maalumu vya kazi hii, vikombe vyenye matundu na mashine za umeme zinazolia kengele. Ni vizuri kwa mwenye umeme. Kikombe kidogo cha bati, kilichopakwa mafuta ya mawese na kuelea katika sufuria iliyofunikwa, hufanya kazi ileile. Nami naona iko njia ipitayo zote: pika mchuzi wa nyanya, vitunguu na mawese, fanya vishimo kwa kijiko, vunjia mayai humo, funika. Hakuna tone la ute lipoteapo, na bugali wapata kitoweo.

Kiini laini ni kitamu, ila watoto wadogo, wajawazito na wagonjwa wapewe yai lililoiva kabisa. Nasema wapewe, kwa sababu katika makabila mengi ya Afrika ndio hasa walionyimwa. Mjamzito aliambiwa kwamba mtoto atazaliwa bila nywele, na mtoto kwamba atakuwa mwizi. Kumbe baba alikula bila hofu. Bugali wa muhogo hushibisha tumbo, lakini haujengi mwili, na mtoto aulaye peke yake huvimba miguu na nywele zake hubadilika rangi. Yai moja dogo lina gramu 4 au 5 za protini. Mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni liliagiza kwamba watoto wa miezi 6 hata 23 wapate kila siku chakula kitokanacho na wanyama, na mayai yametajwa humo pamoja na nyama na samaki. Kwa mtoto wa miezi 6, ponda kiini na ute uliokauka pamoja na uji.

Maganda nayo yasitupwe. Yakaushe mekoni hata yawe makavu kabisa, yatwange yasitambulikane tena, uwachanganyie kuku katika chakula. Yakibaki vipande vikubwa, kuku watajifunza kudonoa mayai yao wenyewe.