Pweza wa Kilwa na Subira ya Mvuvi

Mgeni afikaye Kilwa Masoko, kusini mwa Tanzania, aghalabu huulizia magofu. Si ajabu, kwani ng'ambo ya maji kipo Kilwa Kisiwani, mji aliouzuru Ibn Battuta mwaka 1331, ambao magofu yake, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Lakini ifikapo saa nane mchana, magofu hayashibishi. Njaa humwongoza mgeni hadi kwenye majiko ya mama ntilie, ambako harufu ya tui humpokea kabla hajakaribishwa.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia mwenye jiko.

"Marahaba, mwanangu. Keti. Leo una bahati, pweza ni mkubwa."

Mapishi yake hayana makuu. Pweza hupigwapigwa mpaka nyama ilegee, kisha huchemshwa kwa maji yake mwenyewe. Huongezwa kitunguu, nyanya, bizari na tui jepesi. Tui zito hutiwa mwisho. Nililetewa kwa wali katika sahani ya bati, na kipande cha ndimu na pilipili pembeni. Nyama ilikuwa laini, tamu, yenye ladha ya bahari yenyewe. Sikusema neno mpaka sahani ikawa nyeupe.

Ndipo nilipouliza siri ya ukubwa wake. Mama akajibu kwamba ametoka Songosongo, kwenye mwamba uliokuwa umefungwa.

Ndugu msomaji, maneno hayo yana maana kubwa. Pweza wa miamba yetu haishi sana. Umri wake ni yapata mwaka mmoja au kuzidi kidogo. Hukua upesi mno, na jike hutaga mara moja tu, huyalinda mayai yake pasipo kula, kisha hufa. Anayemchokoa angali mdogo amepoteza kilo nyingi za kesho, pamoja na kizazi ambacho hakijazaliwa. Kwa sababu hiyo wanakijiji hukubaliana kuupumzisha mwamba kwa miezi kadhaa. Siku ya kuufungua, wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, wake kwa waume hushuka na vijiti vyao kuvuna walichokingojea. Wavuvi wa Andavadoaka, nchini Madagaska, walianza kufanya hivyo mwaka 2004, na mfano wao umeenea katika pwani nyingi za Bahari ya Hindi.

Hata hivyo, subira hiyo ina gharama. Anayechokoa pweza leo ili apate unga wa leo hana akiba ya miezi mitatu. Tena wanunuzi wanaopeleka pweza Ulaya huwa tayari na mizani yao, na mwizi mmoja wa usiku aweza kuharibu ahadi ya kijiji kizima.

"Kungoja si kazi ndogo," alisema mama akikoroga chungu. "Mtoto mwenye njaa haelewi kwamba mwamba umefungwa."

Waliongoja ndio walionilisha mimi. Basi, msomaji, ukijaliwa kufika Kilwa, kula pweza kwa tui. Lakini ukiletewa kitoto cha pweza, kirudishe kwa adabu, uagize samaki. Mstahimilivu hula mbivu, nasi walaji hatuna budi kustahimili pamoja na mvuvi.