Mtoto Anataka Udaktari: Je, Pointi Zake Zinafika?

Matokeo ya KCSE yakishatangazwa, wazazi huja kwetu na karatasi mkononi. Swali lao huwa ni lile lile: mtoto amepata A-, je, ataitwa Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea udaktari? Wengine wameshauza ng'ombe. Wengine wameshachapisha kadi za harambee kabla hata ya kujua kama nafasi ipo. Kwa hivyo tumeona tulieleze jambo hili polepole. Hesabu yake si ngumu, na familia ikiijua mapema haitapoteza mwaka wala pesa.

Watu huchanganya mambo mawili: kuruhusiwa kuomba, na kupata. Anayetaka kusomea udaktari hapa Kenya anatakiwa awe na wastani wa B, na B pia katika Biolojia, Kemia, Fizikia au Hesabu, na Kiingereza au Kiswahili. Mzazi akisikia hivyo hufurahi, "Kumbe B inatosha!" La, haitoshi. Hiyo B inakupa ruhusa ya kupanga foleni tu. Walio mbele yako kwenye foleni ndio watakaoamua kama utafika mlangoni. Katika mtihani wa 2024, kati ya watahiniwa zaidi ya 960,000, waliopata A walikuwa 1,693, na waliopata C+ au zaidi walikuwa 246,391. Si wote wa A wanaotaka udaktari, wengine huenda uhandisi au sheria, lakini wengi wao wako kwenye foleni hiyo hiyo na nafasi ni chache.

Tangu KUCCPS ichukue kazi ya ile bodi ya zamani ya JAB, chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, wanafunzi hupangwa kwa pointi za kundi la masomo. Kwa udaktari, kundi hilo ni masomo manne: Biolojia, Kemia, Hesabu au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. A ni pointi 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9, na kuendelea chini. Masomo manne yakiwa A yote unapata 48. Halafu kuna jumla ya masomo saba, ambayo mwisho wake ni 84. Ukitaka kukadiria, gawanya pointi zako za masomo manne kwa 48, gawanya jumla yako kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48.

Tuchukue wanafunzi wawili, wote wana jumla ya 76, yaani wote wana A-. Msichana ana Hesabu A, Biolojia A-, Kiingereza A- na Kemia B+. Hizo ni 44. Mvulana ana Kiswahili A, Hesabu B+, Biolojia B na Kemia B. Hizo ni 40, na A zake nyingine ziko katika Kiingereza, Historia na Dini. Ukipiga hesabu, msichana anapata karibu 43.7 na mvulana karibu 41.7. Pale kijijini watasema watoto hawa wako sawa, gredi ni moja. Kwa udaktari hawako sawa hata kidogo. Pointi mbili ni pengo kubwa sana mahali ambapo watu hutenganishwa kwa sehemu ndogo ya pointi moja. (Makadirio haya ni ya nyumbani. Pointi halisi za mtoto huonekana kwenye tovuti ya KUCCPS, na hizo ndizo za kufuata.)

Sasa, ile alama ya mwisho ya kuingilia, ambayo watu huiita "katofu". Wengi hudhani kuna mkubwa fulani ofisini anayeiamua. Hakuna. Ni kama matatu: viti vikijaa, yule abiria wa mwisho aliyepata kiti ndiye katofu. Mwaka ujao abiria ni wengine. Mwaka 2015 waliopata A nchini walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 wakawa 141 tu. Aliyetumia alama za mwaka mmoja kubashiri mwaka uliofuata alipotea kabisa. Angalieni za miaka mitatu au minne, muone zinapanda au zinashuka, na mlinganishe vyuo. Nairobi, ambayo imefundisha udaktari tangu 1967, si peke yake. Kuna Moi kule Eldoret, Kenyatta, Jomo Kenyatta, Egerton, Maseno na vingine. Daktari wa Maseno na daktari wa Nairobi husajiliwa na baraza moja.

Maoni yetu ni haya. Kama mtoto amepita alama hizo za miaka kadhaa kwa pointi moja na zaidi, aombe bila woga. Kama anazikaribia tu, aombe, lakini chaguo linalofuata liwe la kozi ambayo kweli yuko tayari kuisoma, kama famasia au uuguzi. Si jina la kujaza nafasi. Na kama yuko chini kwa pointi mbili au tatu, tafadhali msimjengee matumaini kwa maneno ya "Mungu akipenda" huku mkijua hesabu inasema nini.

Kurudia Kidato cha Nne? Tungesema ndiyo kama kulikuwa na sababu inayojulikana, labda ugonjwa au karo iliyomweka nyumbani muhula mzima. Kama alisoma vizuri na kupata B-, kurudia mara ya pili na ya tatu ni kumchosha tu. Kwa wastani wa C na masomo yanayotakiwa, kuna diploma ya utabibu pale KMTC, miaka mitatu. Clinical officer ndiye anayewatibu wengi wetu kwenye zahanati, na akitaka kuendelea, digrii ya utabibu ipo.

Vyuo vya binafsi navyo vipo, kama Aga Khan, KeMU na Uzima ya Kisumu. Hapo ulizeni karo ya miaka yote sita kwa maandishi, si ya muhula wa kwanza. Hata kwenye vyuo vya umma, tangu utaratibu wa ufadhili wa 2023, kiasi ambacho familia inalipa hutegemea uwezo wake, kwa hivyo msitumie karo ya mtoto wa jirani. Kwa vyuo vya ng'ambo, hakikisheni kwanza na Baraza la Madaktari, KMPDC, kama chuo kinatambuliwa. Anayerudi na digrii ya nje hufanya mtihani wa baraza kabla ya kusajiliwa.

Na yule mtu anayepiga simu ati ana nafasi ya udaktari "iliyobaki", mtume elfu hamsini kwanza, ni mwizi. KUCCPS haiuzi nafasi kwa simu. Mkipigiwa, andikeni namba yake mpeleke polisi.