TUNZA MKANDA WA MASHINE, NAO UTAKUTUNZA

Hapa Machakos mahindi mengi hayafiki chunguni mpaka mashine izunguke: hukobolewa yakawa muthokoi, au husagwa yakawa unga. Mkanda ukikatika wakati wa mavuno, mashine husimama, na wenye magunia huenda kwa jirani.

Ndugu mkulima, mikanda mingi haifi kwa uzee, bali huuawa. Adui wa kwanza ni puli zisizolingana, kwani mkanda huliwa upande mmoja. Nyosha uzi ubavuni mwa puli zote mbili. Kama zimepotoka, sogeza injini.

Adui wa pili ni kulegea. Mkanda uliolegea huteleza, hupata moto na kuungua. Lakini ukikazwa mno, beringi huharibika. Zima injini, ubonyeze katikati: yafaa ushuke kama sentimita 1 na nusu kwa kila mita 1 kati ya puli. Mkanda mpya huvutika, basi ukague tena baada ya siku moja au mbili.

Adui wa tatu ni mafuta, ambayo hulainisha mpira.

Usivalishe mkanda kwa kuusukuma na chuma. Legeza injini kwanza. Ikiwa mashine ina mikanda mitatu na mmoja umekwisha, badili yote pamoja. Ile ya zamani imekwisha kuvutika, na mpya peke yake utabeba mzigo wote.

Mwisho, funika mkanda kwa wavu wa chuma. Mkanda hununuliwa dukani. Kidole hakiuzwi popote.